Filta ya Taifa Haichunguliwi

Kitendawili, wajukuu zangu! Msinijibu kwa sauti ya usingizi, nijibuni kama watu waliokula. Haya, nimetega: nina mzee wangu nyumbani, kazi yake kula uchafu wa nyumba nzima, wala hatapiki, wala halalamiki; lakini siku akishiba, nyumba yote inaugua. Nani huyo?

Si fagio. Fagio halili, linasukuma tu. Si jalala, maana jalala halikai ndani. Si kuku wa jirani, ingawa hapo mmenichekesha. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Tena msinipe ule wa siku zote, ule nimeuchoka, kila anayeshindwa ananitupia huohuo. Nipeni mji ambao hakuna kati yenu aliyewahi kufika, wenye lami, malori mengi na watu wanaojua kukaribisha mgeni.

Ahsanteni, nimepewa. Mji wenyewe uko katika Jamhuri ya Funikombe, nchi ambayo hamtaikuta kwenye ramani ya shule, kwa sababu serikali yake iliomba ramani ifunikwe. Nilikwenda, nikapewa kiti, nikala, nikashiba. Na nilipowategea kitendawili changu, watu wote wa mji ule walikuwa wanalijua jibu, ila hakuna aliyeruhusiwa kulisema. Jibu ni filta ya oili: lile kopo la bati linalofungwa ubavuni mwa injini ya lori, linalokula uchafu wote ili oili irudi safi. Kwa nini hawakuruhusiwa kulisema? Kaeni vizuri niwaambie.

*

Funikombe ni nchi nzuri, nisije nikaisengenya na chakula chake bado kiko tumboni. Ina milima, ina mashamba ya chumvi, ina wimbo wa taifa mrefu kiasi kwamba ukianza kuimbwa wali unapoinjikwa, ukiisha ukoko umeshashika. Kwenye ngao yake wamechora kombe lililofunikwa, na chini yake yale maneno tunayoyajua sote, ya kumtaka mwanaharamu apite. Alipita, akarudi, akapewa cheo. Lakini hayo si yangu.

Sheria kubwa ya huko ni moja: kitu chenye muhuri wa serikali hakichunguliwi ndani. Hakipasuliwi, hakifunuliwi, hakiinuliwi juani kikatazamwa. Na msidhani ni sheria ya kijinga, ina asili yake. Zamani hospitali ya serikali ilipokea magodoro mapya. Wagonjwa wakalala, wakashukuru. Akatokea mtu na kisu, akapasua godoro moja, akakuta maganda ya mahindi. Siku hiyohiyo nchi nzima ikaanza kuumwa mgongo! Wakubwa wakakaa kikao, wakafikiri mpaka jasho likawatoka, wakasema: magodoro haya yamelaliwa vizuri muda wote, maumivu yameanza kisu kilipoingia, kwa hiyo kosa ni la kisu. Mnaona? Sababu waliipata, ila waliishika mkia.

Tangu hapo watoto wa Funikombe hufundishwa kufumba macho kabla ya kufundishwa kusoma. Kitu cha serikali kikipasuka kwa bahati mbaya, wa kwanza kukisikia hupaza sauti, "Mfumbe!" na wote hufumba mpaka Mfunikaji wa Zamu aje na kitenge chake akifunike. Mfunikaji naye amefumba, kwa hiyo kazi yake huifanya kwa kupapasa. Na anayechungulia? Huyo huvuliwa cheo, akafungwa kitambaa machoni, akatembezwa mtaa kwa mtaa, watoto wakimwimbia nyimbo ambazo bibi yenu hawezi kuziimba mbele yenu.

*

Katika nchi hiyo alikuwapo bwana mmoja, Hezroni Mapande, Mlinganishi Mkuu wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kulinganisha vitu: sabuni na sabuni, misumari na misumari, kisha kuiambia serikali kipi ni bora. Kazi ngumu ile, kwa sababu serikali ilikuwa inalijua jibu kabla yake, naye hakutakiwa kukosea.

Hezroni alikuwa mpole, mwenye tai ya kijani na sauti kama uji uliopoa. Alikuwa na kasoro moja: tangu azaliwe hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Maneno hayo yalimkaa kooni kama miba ya samaki. Enzi za ujana wao, binti mmoja aitwaye Kezia alimuuliza waziwazi, "Hezroni, unanioa au hunioi?" Naye akajibu, "Suala hilo limepokelewa na linafanyiwa kazi." Kezia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda mwenyewe kuwaambia wazee kwamba amechumbiwa. Wamezaa, wamejenga, na mpaka leo Hezroni hajathibitisha.

Huyo Kezia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Yunisi, alikuwa dereva wa lori. Lori la dizeli, kuukuu, lenye pua ndefu. Alirithi chuma chakavu kwa baba yake, akakifufua nati kwa nati, akakipa jina Subira. Alibeba chumvi kutoka pwani kupeleka bara. Chumvi hiyo ndiyo iliyomsomesha Yunisi, ndiyo iliyoezeka nyumba, ndiyo iliyoweka mboga mezani, maana ujira wa Mlinganishi Mkuu ulikuja zaidi kwa njia ya heshima. Injini ya Subira ikifa, nyumba ile imekwisha, na Hezroni alilijua hilo kama anavyoijua njia ya chooni.

Basi siku moja redio ikalia tarumbeta, akazungumza Waziri wa Vilainisho, Vifuniko na Maadili, Mheshimiwa Ngebe Maringo.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu uchafu wa injini zetu umekuwa ukichujwa na filta za wageni. Je, sisi hatuwezi kuuchuja uchafu wetu wenyewe? Uchafu wetu ni mali yetu! Leo nimefungua kiwanda cha filta. Filta yetu inaitwa Fahari. Kuanzia Siku ya Filta kila lori la nchi hii litafunga Fahari, na lori litakalokataa litahesabiwa kuwa limejitolea kwa serikali, nalo litachukuliwa kwa shukrani."

Makofi yakapigwa redioni kwa muda mrefu, mpaka mwenye mitambo akachoka akayazima.

Kezia alikuwa chali chini ya lori uani, inaonekana miguu tu.

"Baba Yunisi!"

"Naam, mama."

"Hiyo Fahari yenu. Nifunge au nisifunge?"

"Ulinganisho wa kitaalamu unatarajiwa kufanyika," alijibu Hezroni, akiinamia ile miguu, "na wadau wote watapewa taarifa..."

"Mimi si mdau, mimi mkeo. Nimelala huku oili inanidondokea puani. Nifunge au nisifunge?"

"Tuvute subira."

"Niivute wapi na imenilalia juu?" Kezia akatambaa akatoka, uso mweusi tititi, macho tu yanametameta. "Nisikilize, baba. Oili ni damu. Inazunguka, inaokota masizi ya dizeli na unga wa chuma. Filta nzuri inaushika uchafu na kuiacha oili ipite. Filta mbovu, ama inauachia unga urudi kusaga beringi, ama inaziba kabisa, damu haipiti, injini inanoki, inakufa kilimani na mzigo mgongoni. Mimi nikinunua kifumbu cha kuchujia tui nakiinua juani nitazame matundu. Ninyi mtalinganishaje na hamruhusiwi kutazama?"

"Kwa utaratibu," akasema Hezroni.

*

Utaratibu ulifanyika katika Ukumbi wa Ulinganisho. Filta tatu ziliwekwa kila moja kwenye mto wake wa mahameli. Ya kwanza Fahari, imepakwa rangi za bendera na kuchorwa uso wa Mheshimiwa Maringo akitabasamu. Ya pili ya nchi jirani, nyeusi, haina hata ua. Ya tatu ya sokoni, ya buluu, iliyonunuliwa kwa mchuuzi aliyekuwa akiuza pia vitana na sumu ya panya. Waziri aliketi mbele kwenye kiti kikubwa. Pembeni alikaa Mgongaji Mkuu, Bwana Zefania, aliyesomea kugonga vitu ng'ambo, na Mnusaji Mkuu, Bi Skolastika, ambaye pua yake ilikuwa na mlinzi.

Wakaanza na uzito. Fahari ikawashinda wenzake, kwa sababu rangi ilipakwa tabaka juu ya tabaka, mpaka ilikuwa nzito kama mkuu wa wilaya baada ya ziara.

Kisha kugonga. Bwana Zefania alivua saa, akakunja mkono wa shati, akategesha sikio kwenye filta ya jirani. Ko!

"Inasikika," akasema kwa masikitiko, "kama kwamba ina vitu ndani."

Wote wakatikisa vichwa. Mambo ya majirani hayo.

"Na yetu?" akauliza Waziri.

Ko! Zefania akafumba macho kwa raha. "Mheshimiwa, hii sauti yake ni ya uwazi. Uwazi mtupu."

Makofi. Hezroni naye akapiga, taratibu, makofi ya mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana.

Bi Skolastika akanusa. Fahari ilikuwa na harufu ya poda ya watoto, maana kiwanda kile mpaka majuzi kilikuwa kikitengeneza makopo ya poda. Akaandika: harufu ya usafi. Ya jirani akaandika: inanuka kazi.

Ukafuata wimbo wa taifa. Wote wakasimama, filta nazo zikasimamishwa. Kwenye ubeti wa kati kabisa, pale ambapo wazee huruhusiwa kuegemea ukuta, goti la Bi Skolastika liligusa meza, filta ya jirani ikabiringika mpaka ukingoni. Ikaandikwa: haina heshima kwa taifa letu, ilitaka kuondoka kabla ya kiitikio. Ile ya sokoni ilisimama imara mpaka mwisho, lakini ikaonekana imeipa bendera mgongo.

Hapo Mheshimiwa Maringo akanyanyuka, akaikamata Fahari apigwe nayo picha. Sasa rangi ile ilikuwa bado mbichi. Kopo likamteleza mkononi, likagonga sakafu, pwaa! Kitako chake kikachomoka, kikazunguka zunguka kama sarafu.

"Mfumbe!" akapiga yowe Zefania.

Wakafumba wote. Waziri kafumba, mpiga picha kafumba, mlinzi wa pua kafumba. Hezroni naye alifumba. Lakini sijui alimwingia shetani au alimwingia Mungu, jicho lake la kushoto likabaki wazi kama mlango wa choo cha stendi.

Akaona.

Alikuwa amezoea kumwona Kezia uani akikata filta zilizotumika kwa msumeno, atazame kama zimeokota chuma. Kwa hiyo alijua kilichopaswa kuwamo: karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo sawasawa, imegandishwa barabara juu na chini; mpira wa kuzuia oili isirudi injini ikizimwa; springi ya kushikilia vyote. Ndani ya Fahari hapakuwa na mpira wala springi. Palikuwa na mabango ya uchaguzi uliopita, yamekunjwa kama kipepeo cha mkaa na kubandikwa kwa uji wa sembe, na katikati pana upenyo wa kupitisha dole gumba. Kila mkunjo ulikuwa na tabasamu la Mheshimiwa. Meno, meno, meno, mpaka chini.

Karatasi ile ikilowa oili ya moto, Hezroni aliwaza, itakuwa uji juu ya uji. Na uji huo utakwenda moja kwa moja kwenye beringi za Subira.

Wakati huo Mfunikaji wa Zamu alikuwa ameingia, vitenge tele begani, anapapasa. Alimfunika Waziri kichwa, akaomba radhi. Akafunika kiatu cha Zefania. Mwisho akalipata lile kopo, akalifunika, akapuliza filimbi, watu wakafumbua.

"Tuendelee!" akasema Waziri, kilemba cha kitenge bado kichwani. "Andikeni: mtihani wa kuanguka, imefaulu. Imeanguka vizuri."

Na matokeo yakawa hivi: wa kwanza Fahari, wa pili pia Fahari, kwa juhudi. Filta ya sokoni ikapewa onyo. Ya jirani ikaombwa iondoke nchini.

*

Mchana Hezroni alirudi nyumbani akaketi mbele ya maharage yake bila kuyaona. Kezia akamkazia macho.

"Mmeshalinganisha?"

"Tumeshalinganisha."

"Basi nifunge au nisifunge?"

"Matokeo ya awali yanatia moyo."

"Moyo wa nani? Wangu hapana. Nipe matokeo ya mwisho, baba, mimi mtu wa safari."

Hezroni akatia kijiko cha maharage mdomoni ili apate kisingizio. Alitafuna maharage yale yaliyopikwa yakalainika kama mtu anayetafuna mkanda. Jicho la kushoto lilikuwa linamchezacheza. Alikuwa akifikiria kitambaa cha macho, na watoto wa mtaa, na nyimbo zao. Na hapohapo alikuwa akifikiria ule upenyo wa dole gumba.

Kabla hajameza, gari la matangazo likasimama mlangoni, likanguruma: "Hongera! Hongera! Mheshimiwa Waziri amemchagua Mama Yunisi, mke wa Mlinganishi Mkuu, kuwa wa kwanza kufungiwa Fahari, uwanjani, mbele ya halaiki! Mama Yunisi, toka nje ufurahi!"

Majirani wakaanza kupiga vigelegele. Kezia akatoka na upawa mkononi, akasimama, akafurahi kama alivyoamriwa, akarudi ndani.

"Nimefurahi," akasema. "Sasa nijibu."

*

Hakujibiwa. Siku iliyofuata ofisi ilimtuma Hezroni akayakague malori ya serikali, ambayo yalikuwa yameshafungwa Fahari ili yawe mfano. Kezia alikuwa anakwenda na chumvi njia hiyohiyo, akampandisha kwenye Subira. Filta ya zamani ilikuwa bado ipo ubavuni, injini inaunguruma kama mzee aliyeshiba akisimulia habari za ujana.

Hawakufika mbali. Lori la kwanza la serikali walilikuta pembeni mwa barabara, limevishwa shada la maua kwenye boneti. Dereva wake, Mzee Obadia, alikuwa ameinjika chai kwenye mafiga matatu, kama mtu aliyehamia.

"Shikamoo, mzee," Kezia akamwamkia dirishani. "Imenoki?"

"Marahaba, binti yangu. Shii! Neno hilo halitajwi. Tumeelekezwa tuseme lori limepumzika kizalendo."

"Na lile kule mbele?"

"Lile limetangulia kupumzika. Kuna na jingine, lilipumzika likiwa kilimani, likarudi kinyumenyume mpaka shambani kwa watu."

"Mungu wangu! Mtu kaumia?"

"Muhogo tu." Mzee Obadia akaongeza majani kwenye chai. "Mwenye shamba ameambiwa aandike barua ya kushukuru."

"Lako halikutoa dalili, mzee?"

"Lilitoa, mwanangu, lina adabu kuliko watu. Lilianza ko-ko-ko-ko, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikafuata mwongozo."

"Mwongozo unasema uzime injini?"

"Mwongozo unasema ubandike plasta juu ya taa."

Hezroni aliteremka kukagua. Alilizunguka lori akiwa amefumba macho, kama ipasavyo, akajikwaa kwenye mafiga. Oili ilikuwa imechuruzika chini, nayo alipoikanyaga ilinata kwenye kiatu, nzito, yenye madonge ya sembe. Akarudi akapanda.

Kezia aliendesha kidogo, akasimamisha Subira juu ya kilima, akazima injini. Upepo ukawa unasikika.

"Hezroni," akasema. Hakumwita Baba Yunisi. Jina la Hezroni alikuwa hajalitumia tangu siku ile alipomuuliza juu ya ndoa. "Sikuulizi kama serikali. Siiulizi Idara yako ya ulinganisho. Nakuuliza wewe unayekula chakula changu. Mimi siwezi kukataa, nikikataa wanalichukua lori. Lakini ipo ile sheria ya zamani, baba yangu aliwahi kunisimulia: Mlinganishi Mkuu akitamka kwa kinywa chake kwamba kitu kisifungwe, hakifungwi. Hawajaifuta kwa sababu hakuna Mlinganishi aliyewahi kutamka. Ni kweli?"

"Sheria hiyo... ipo kwenye vitabu."

"Basi sikiliza. Ukiniambia nifunge, nitafunga. Sitachungulia, sitagonga, sitanusa, nitawasha niende zangu, kwa kuwa najua mume wangu hawezi kunipeleka kilimani nikafe. Ukiniambia nisifunge, sifungi. Neno lako tu linanitosha. Ila useme. Nifunge au nisifunge?"

Hezroni akafungua kinywa. "Serikali," akaanza, "inalitazama suala hili kwa jicho..."

Akakwama hapo. Lile la kushoto likaanza kutoa machozi.

"Jicho gani?" Kezia akauliza.

Hezroni akatoa leso. Kezia alimngoja, akamngoja tena, kisha akawasha lori.

*

Siku ya Filta uwanja ulijaa pomoni. Bendi ilipiga, mabinti walicheza wakiwa wamevaa makopo vichwani, na zulia jekundu likatandikwa, Subira ikaegeshwa juu yake, pua mbele, imeoshwa mpaka inaona haya. Kezia alikaa nyuma ya usukani kwa gauni lake la kanisani. Hezroni alikaa jukwaani na tai yake ya kijani, hajala tangu jana.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Maringo. "Adui zetu wanasema malori yamesimama barabarani. Kweli yamesimama! Yamesimama imara! Taja nchi nyingine ambayo malori yake yamesimama imara kama yetu!"

Halaiki ikashangilia, maana walikuwa wameahidiwa pilau.

Mafundi waliovaa glavu nyeupe wakasogea. Wakaifungua filta ya zamani ya Subira, oili nyeusi ikachuruzika juu ya zulia, mafundi wakageuza nyuso kwa aibu. Fahari ikaletwa kwenye sinia, imezungushiwa utepe. Wakaupaka mpira wa mdomoni oili kidogo, kama inavyotakiwa, maana hata upuuzi una mambo yake unayoyafanya sawasawa. Kilichobaki ilikuwa kuizungusha kwa mkono, iingie.

"Kabla haijafungwa," akasema mshereheshaji, "Mlinganishi Mkuu atatusomea matokeo!"

Hezroni akasimama mbele ya kipaza sauti. Akakunjua karatasi.

"Kwa kuzingatia uzito," akasoma, "na kwa kuzingatia sauti, na harufu, na mwenendo wakati wa wimbo wa taifa, Idara imejiridhisha pasipo shaka ya aina..."

"Baba Yunisi!"

Kezia alikuwa ametoa kichwa dirishani. Hakupiga kelele, ilikuwa sauti ileile ya kuulizia kama mboga imepungua chumvi.

"Nifunge au nisifunge?"

Watu wakacheka. Bendi ikacheka. Mheshimiwa Maringo naye akacheka, tumbo likamtikisika, akamshika Hezroni bega.

"Mama ana wasiwasi kidogo, wanawake na magari yao! Mjibu, Mlinganishi, ili roho yake itulie. Mjibu mbele ya taifa!"

Kicheko kikafifia. Wakawa wanangoja. Fundi alikuwa ameishika Fahari kwa mikono miwili, imegusa injini, bado kuizungusha. Kutoka jukwaani Hezroni aliuona mkono wa mkewe juu ya usukani, na giriisi kwenye kucha zake, ambayo hata kwa sabuni ya Jumapili haikuwahi kutoka.

"Suala hilo..." akasema Hezroni, na kipaza sauti kikalia kwii, watu wakaziba masikio.

Akangoja kinyamaze. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, kama wa mtu anayetafuta mwiba kwa ulimi.

"Limepokelewa!" Waziri akamnong'oneza kwa ukali. "Sema limepokelewa!"

Hezroni hakumtazama. Alimtazama Kezia, kwa macho yote mawili.

"Usifunge, mke wangu," akasema. "Nimeichungulia."